BASTOLA YA MAREHEMU NA DAFTARI LAKE

Matanga yakisha kuondolewa na arobaini kupita, ndugu wa marehemu hukutana kufungua masanduku na kutazama kilichobaki. Aghalabu hukutwa humo hati za shamba, picha, barua na nguo chache. Lakini katika baadhi ya nyumba, hasa za watu waliopata kutumika katika jeshi, polisi, utawala au mashamba ya mkonge katika zama za ukoloni na miaka ya mwanzo ya Uhuru, chini ya vitu hivyo hukutwa kitu kizito kilichoviringishwa kitambaani. Ni bastola ya zamani, ya ile aina yenye silinda izungukayo ambayo huitwa rivolva.

Hapo ndipo hofu huingia. Wapo wanaoitupa chooni au mtoni usiku usiku, ili jambo liishe. Wapo wanaoirudisha sandukuni na kukubaliana kunyamaza. Wapo pia wanaotafuta mnunuzi kwa siri. Njia zote tatu ni mbaya. Ya kwanza huiacha silaha mahali ambapo mtoto au mhalifu aweza kuiokota. Ya pili humfanya mrithi mwema avunje sheria kila siku anayolala nayo. Ya tatu huipeleka moja kwa moja mikononi mwa majambazi. Zaidi ya hayo, zote tatu hupoteza kitu ambacho hakuna anayekitaja katika kikao cha ukoo, nacho ni habari za silaha yenyewe: ilitengenezwa wapi, ililetwa na nani, na ilipitia mikono gani hata ikafika katika sanduku la marehemu.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo, ambao watumishi wa Serikali huufahamu zaidi kwa hesabu za bohari, unahusu jambo hili sawasawa. Sheria ya silaha lazima itiiwe, na itiiwe kwanza. Lakini utii huo hauhitaji kwamba taifa lipoteze ujuzi wa mambo yake. Kinachotakiwa ni kwamba daftari liandikwe kabla silaha haijafika kwenye tanuru.

Sheria kwanza

Yafaa ieleweke bila utatanishi kwamba leseni ya silaha hairithiwi. Hutolewa kwa mtu mwenyewe baada ya kuchunguzwa akili yake, mwenendo wake na haja yake. Mtu huyo akifa, leseni yake nayo imekufa. Mambo haya yanasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na nyuma yake kuna ahadi ambayo Tanzania iliitia sahihi pamoja na jirani zake katika Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, kuhusu kuzuia na kupunguza silaha ndogo ndogo. Nchi ambazo zimepakana na vita kwa miaka mingi hazikutoa ahadi hiyo kwa mchezo.

Uzee wa silaha si kinga. Bastola iliyotengenezwa mwaka 1917 yaweza kuua leo kama ilivyoua siku ilipotoka kiwandani, na risasi iliyokaa ndani ya silinda kwa miaka hamsini haijulikani itafanya nini. Kwa hiyo mtu aliyeikuta anapaswa kuihesabu kuwa imejaa risasi, hata kama wazee wote wa ukoo wanaapa kwamba ni tupu. Asiivute nyundo, asiguse kifyatulio, asijaribu kuifungua, na asiitie mfukoni kwenda nayo kituoni kwa basi. Aiache ilipo, awaondoe watoto, afunge mlango, kisha msimamizi wa mirathi atoe taarifa polisi ili waje wenyewe. Msimamizi huyo akumbuke pia kuiandika bastola katika orodha ya mali ya marehemu inayopelekwa mahakamani. Kuiacha nje ya orodha kwa kudhani kwamba ni kuuficha ukoo aibu ni kuuwekea ukoo kesi.

Silaha ya wakubwa

Baada ya usalama kuhakikishwa, lifuatalo ni swali la historia. Bastola hizi hazikuota ardhini. Rivolva ni uvumbuzi wa karne ya 19. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza yake Uingereza mwaka 1835 na kwao mwaka 1836. Katika sehemu hii ya Afrika, silaha hiyo ilifuatana na ukoloni. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipoletwa pwani kuuzima upinzani ulioongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo, jeshi la Ujerumani lilikuwa na rivolva mbili rasmi, ya mwaka 1879 na ya mwaka 1883. Waingereza nao walikuwa wamekwisha kuichagua Webley, iliyotengenezwa Birmingham, kuwa bastola ya jeshi lao tangu mwaka 1887.

Ni vyema kukumbuka silaha hiyo ilikuwa ya nani. Askari wa kawaida, ambaye alikuwa Mwafrika, alipewa bunduki. Bastola ilivaliwa kiunoni na ofisa. Ilikuwa chombo cha vita na papo hapo ilikuwa alama ya mamlaka: aliyeivaa ndiye aliyeamuru, na asiyeivaa ndiye aliyeamriwa. Basi bastola ya namna hiyo ikikutwa katika nyumba ya Mwafrika, swali la kwanza la mwanahistoria ni hili: ilifikaje hapa? Huenda ilikuwa zawadi ya mtawala kwa mtemi aliyetumikia utawala wa Waingereza. Huenda ilinunuliwa na inspekta wa polisi alipostaafu. Huenda iliachwa na meneja wa shamba aliyeondoka. Huenda pia iliokotwa vitani. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Waingereza walishindwa wakarudi merikebuni, wakaacha nyuma bunduki mia kadhaa, bombomu 16 na mamia ya maelfu ya risasi, na Wajerumani wakavitumia vitu hivyo katika vita iliyoendelea mpaka Novemba 1918. Silaha ya Mwingereza kuishia mikononi mwa mtu aliyepigana upande wa pili ni jambo linalowezekana kabisa. Kila jibu kati ya hayo lafungua ukurasa tofauti wa historia ya nchi, na jibu sahihi halimo katika chuma peke yake. Limo katika kumbukumbu za wazee, na wazee hawangoji.

Alama na maana zake

Hata hivyo chuma nacho husema, kwa anayejua kukisoma. Kazi hiyo ifanywe baada ya fundi wa silaha wa polisi kuitoa risasi bastola hiyo, na ifanywe kwa macho, karatasi na kamera tu. Yako mambo manne ya kutazama.

La kwanza ni jinsi bastola inavyofunguka. Webley hubonyezwa kitasa kilicho nyuma, karibu na nyundo, mtutu ukainama mbele na maganda yote yakasukumwa nje kwa mara moja. Rivolva za Kijerumani za 1879 na 1883 hazivunjiki hivyo. Fremu yake ni nzima, risasi hutiwa moja moja kupitia kilango cha upande wa kulia, na haina kifaa cha kutolea maganda. Tena ina komeo la usalama upande wa kushoto, jambo ambalo ni nadra katika rivolva. Ya 1879 ina mtutu mrefu, na ya 1883 ina mtutu mfupi.

La pili ni kipenyo cha mtutu. Webley ya Vita ya Kwanza ya Dunia, hasa ile aina ya sita iliyoanza mwaka 1915, ina tundu kubwa la kiasi cha milimita 11.5. Mwaka 1932 jeshi la Uingereza liliingiza Enfield, inayofanana nayo kwa umbo lakini ndogo zaidi, ya kiasi cha milimita 9. Kwa macho ya haraka mtu aweza kudhani ni kitu kimoja. Kipimo humwonyesha kwamba moja ni ya vita ya baba na nyingine ni ya vita ya mtoto.

La tatu ni alama zilizogongwa. Mshale mfupi wa mistari mitatu, kama unyayo wa ndege, ni alama ya mali ya Serikali ya Uingereza. Mishale miwili ya namna hiyo ikikutana ncha kwa ncha, maana yake silaha iliuzwa kihalali kutoka jeshini. Alama hiyo ndogo yaweza kumwondolea marehemu shutuma ya wizi iliyodumu miaka mingi. Bastola zenye maneno ya Kiingereza yanayosema ni mali ya Marekani, na namba inayoanza kwa herufi V, ni Smith & Wesson zilizotengenezwa wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni alama ya majaribio ya Liège, Ubelgiji, mji ambao viwanda vyake viliiga bastola za karibu kila taifa. Kwa hiyo umbo la Webley lenye alama ya Liège si Webley, hata kama muuzaji aliapa.

La nne ni namba ya silaha. Namba hiyo ikilingana katika sehemu zote zilizogongwa, bastola ni nzima kama ilivyotoka kiwandani. Zikitofautiana, imepata kuunganishwa kutoka katika mabaki.

Thamani hutoka wapi

Watu wengi wakisikia kwamba silaha ya kale ina thamani hufikiri juu ya fedha. Yafaa kutazama mifano ya nchi ambako silaha hizo huuzwa mnadani kwa mujibu wa sheria za huko. Mwezi Agosti 2021, katika mnada uliofanyika Los Angeles, Marekani, Colt moja iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Kwa umbo ilikuwa Colt ya kawaida, ya aina iliyotengenezwa kwa maelfu. Bei yake ilitokana na hati zilizothibitisha kwamba ndiyo iliyoshikwa na Pat Garrett alipomuua mhalifu Billy the Kid mwaka 1881. Miaka miwili kabla ya hapo, Juni 2019, katika mnada wa Paris, rivolva ndogo iliyoliwa na kutu kiasi cha kutofaa hata kwa chuma chakavu iliuzwa kwa euro 162,500. Ilikuwa imefukuliwa shambani karibu na mahali ambapo mchoraji Vincent van Gogh alijipiga risasi mwaka 1890, na inadhaniwa kuwa ndiyo aliyoitumia.

Funzo la mifano hiyo ni moja. Mnunuzi hakulipia chuma, alilipia habari. Bastola hizo mbili zikiondolewa habari zake, moja ni silaha ya kawaida na nyingine ni takataka. Kwa nchi hii, ambako kuuza silaha bila kibali ni kosa na wala haifai kuwa vinginevyo, funzo hilo lina uzito zaidi. Thamani ya bastola ya urithi haimo katika fedha ambazo mrithi angepata kwa njia za gizani. Imo katika ukurasa mmoja wa maelezo ambao hakuna jambazi atakayeununua, na ambao hakuna aliyeuandika.

Taifa lilikwisha kulipia gharama ya kukosa daftari. Mtwa Mkwawa alipofariki mwaka 1898, fuvu lake lilichukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza lirudishwe, lakini halikurudi hadi mwaka 1954. Sababu mojawapo ya ugumu ni kwamba waliolichukua hawakuacha maandishi ya kulitambulisha. Ilibidi litafutwe katika makumbusho ya Bremen miongoni mwa mafuvu mengi, kwa kupima vichwa na kutazama tundu la risasi. Ikiwa mabaki ya shujaa yaliweza kutatanishwa hivyo kwa kukosa karatasi moja, mtu hana haja ya kuuliza nini kitakipata kitu kidogo kilichofungwa kitambaani.

Kuitunza bila kuiharibu

Mrithi aliyepewa leseni yake mwenyewe, au mtunzaji wa makumbusho aliyekabidhiwa silaha iliyokwisha kuzimwa, anabeba wajibu wa kuitunza. Adui mkubwa wa chuma nchini, hasa Tanga, Bagamoyo, Mtwara na visiwani, ni unyevu wenye chumvi. Adui wa pili ni mkono wa mwenyewe. Jasho la vidole lina chumvi, na alama ya kidole iliyoachwa bila kufutwa hugeuka kutu. Adui wa tatu ni ala ya ngozi. Watu hudhani kwamba bastola hukaa salama ndani ya ala yake. Kumbe ngozi hunyonya unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha hula chuma. Ala itunzwe, kwa sababu nayo ni sehemu ya historia, lakini itunzwe mbali na silaha.

Matunzo yenyewe ni rahisi: kitambaa laini cha pamba, mafuta mepesi ya mashine kwa kiasi kidogo, mahali pakavu palipofungwa kwa kufuli, na risasi mbali na silaha. Mafuta ya nazi na mengine ya kupikia yasitumike, maana huchacha na kuganda. Zaidi ya yote, msasa usiiguse. Fundi wa mtaani anayeahidi kuing'arisha bastola mpaka iwe kama mpya anaahidi kufuta alama zote zilizoelezwa hapo juu. Rangi iliyofifia na mikwaruzo ni mwandiko wa miaka. Kuipaka nikeli upya ni kama kufuta tarehe katika cheti cha kuzaliwa. Ikiwa mpini ni wa pembe ya ndovu, mwenye nayo ajue kwamba sheria za wanyamapori nazo zinamhusu.

Wala isijaribiwe kufyatuliwa. Bastola nyingi za karne ya 19 zilitengenezwa kwa baruti ya moshi, ambayo nguvu yake ni ndogo kuliko ya baruti za baadaye. Huko Marekani Webley nyingi zilichongwa silinda ili zipokee risasi za bastola ya jeshi la huko. Kwa kufanya hivyo wenyewe walipata mambo mawili: silaha yenye hatari ya kupasuka mkononi, na kitu cha kihistoria kilichoshuka thamani.

Tanuru na karatasi

Kwa nyakati mbalimbali Serikali imetangaza vipindi vya msamaha ili wananchi wasalimishe silaha kwa hiari. Huo ni mpango wenye busara, na kila kiongozi, mwalimu na mtumishi hana budi kuuunga mkono. Silaha zinazokusanywa huteketezwa, na nyingi zinastahili kuteketezwa: magobori ya majangili, bastola zilizotengenezwa kienyeji, bunduki zilizovushwa mpakani kutoka katika vita vya jirani. Lakini tanuru halina macho. Bastola ya ofisa wa mwaka 1905, mwaka ambao Vita ya Majimaji ilianza, huyeyuka sawasawa na gobori la jana. Sheria ya Mambo ya Kale ilipotungwa mwaka 1964 iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa masalio yanayolindwa moja kwa moja. Karibu silaha zote za ukoloni ni za baada ya mpaka huo.

Wako watakaosema kwamba silaha za wakoloni hazistahili heshima hiyo, na kwamba kuzihifadhi ni kuwatukuza waliowapiga wananchi risasi. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli, lakini haina ushindi. Asiyehifadhi ushahidi wa dhuluma humsaidia dhalimu kukana. Mtoto anayesimama Songea, mahali ambapo mashujaa wa Majimaji walinyongwa mwaka 1906, ana haki ya kuona kitu kilichokuwa kiunoni mwa waliotoa amri. Wako wengine watakaosema kwamba nafasi na fedha ni haba. Hao wajibiwe kwamba haidaiwi kila bastola iwekwe katika kabati la kioo. Kinachodaiwa ni karatasi.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Silaha ya kale inapopokelewa kituoni, Afisa Utamaduni wa wilaya aitwe. Ipigwe picha pande zote, alama zinakiliwe, na mzee mmoja wa ukoo aulizwe habari zake, kisha maelezo yasainiwe. Nakala moja ibaki polisi, moja ipelekwe Makumbusho ya Taifa, na moja wapewe wafiwa pamoja na picha, ili wawe na cha kuwaonyesha wajukuu. Chache zilizo adimu zizimwe na fundi kwa kuzibwa mtutu, bila kusagwa alama, zipelekwe makumbusho. Zilizobaki ziende kwenye tanuru. Hata hizo zitakuwa zimeacha neno.

Walimu wa historia wana sehemu yao. Hawapaswi kamwe kuruhusu silaha iletwe darasani, hata iliyozimwa. Lakini wanaweza kuwafundisha wanafunzi kuuliza na kuandika, na kuwaeleza wazazi kwamba kutoa taarifa polisi si kumsaliti marehemu. Makatibu, mahakimu wa mahakama za mwanzo na watendaji wa kata, ambao hupitiwa na kila mirathi, wanaweza kuuliza swali moja la ziada kabla ya kugonga muhuri: je, mzee aliacha silaha? Swali hilo likiulizwa kwa upole na bila vitisho, bastola nyingi zitatoka darini kabla mtoto hajazikuta.